Mvinyo wa Asali wa Yeyo

Jumatatu, 3 Juni

Nepi nimeanika. Uji umeungua. Lemayan kalala mgongoni, nikimshusha tu analia.

Likizo ya uzazi inakwisha. Hotelini wananitaka kazini wiki ijayo, na kulala huko huko. Mtoto ana miezi minne. Nimechoka, lakini simwachi.

Rehema, niliyefanya naye kazi hotelini, siku hizi anazungusha wageni kuonja mvinyo. Mwekundu wa Makutupora kutoka Dodoma, wa ndizi, wa rozela. Anatafuta usiojulikana kabisa. Nimemwambia upo nyumbani kwangu, hapa Qurus: mvinyo wa asali wa mama mkwe wangu, Yeyo. Wageni wakiupenda, watakuwa wanaletwa hapa kila wiki. Basi sitarudi hotelini.

Jumatano, 5 Juni

Yeyo alikuja na kibuyu chake kutoka kwao Olbalbal na hajabadili kitu. Asali, maji, mizizi, joto la moto. Hana kipimo. Anatega sikio kwenye kibuyu, asikie mapovu.

"Bado wanagombana humo," kasema. Hakuna kuonja mpaka wapatane.

Nikaleta sukari, wazungu wanapenda tamu. Kanitazama tu. Nimerudisha sukari kabatini. Mwanamke huyu simwezi. Ningekuwa na nusu ya utulivu wake!

Ijumaa, 7 Juni

Kibuyu kimenyamaza. Nimeonja tone. Mkavu, una moshi kidogo, halafu ukishameza ndipo asali inakuja, polepole. Hotelini nimemimina mivinyo ya kila nchi. Hakuna iliyonikalisha chini.

Kesho Rehema anawaleta wageni.

Jumamosi, 8 Juni

Yeyo alivaa shanga zote. Wageni wanne. Mkubwa wao bibi wa Kifaransa, mvi tupu, amekulia kwenye mizabibu. Rehema alininong'oneza kwamba huyo ndiye wa kuangaliwa, akikataa yeye wamekataa wote.

Bibi akanusa. Akasukutua. Akatema kwenye ndoo ya nepi, aliyoisogeza Rehema.

Nikamtazama Yeyo. Yote nilimweleza, meza, glasi, maji, nikasahau kwamba waonjaji hutema wasilewe. Nikasubiri ainuke aondoke na kibuyu chake.

Aliinuka kweli. Akamfungua Lemayan mgongoni mwangu, akampeleka mbele ya yule bibi.

"Baraka hazimwagwi kwenye ndoo," akaniambia. "Mwambie amtemee mtoto."

Kwa watu wa Yeyo, mzee akikutemea kinywaji cha asali, amekubariki. Nimeolewa humu na bado nilisahau. Aibu ilinishika, lakini nikamwambia Rehema atafsiri yote, asipunguze neno.

Bibi akachukua funda jingine, akampulizia Lemayan matone utosini, taratibu kama aliyefundishwa. Yaliyobaki akameza. Mtoto akapiga chafya.

"Ameitikia," kasema Yeyo.

Bibi akaomba glasi nyingine. Ndoo hakuigusa tena. Wenzake nao wakameza. Waliondoka bila kusema kama wameupenda, na Rehema ndiye aliyekuwa anawaendesha, hakubaki kuniambia.

Jumapili, 9 Juni

Rehema kapiga simu. Kituo cha mwisho cha safari zake za kuonja ni kwetu, kila wiki kuanzia Jumamosi ijayo. Bibi kaagiza: sukari isiguse kile kibuyu.

Nimewaarifu hotelini sirudi.

Yeyo anaosha kibuyu, haulizi chochote. Ndoo imerudi kwenye kazi yake, nepi. Utosi wa Lemayan bado unanukia asali. Leo simwogeshi.