Fundi Aligonga Mara Moja

Mjukuu wangu Lusajo,

Ndaga. Huku Ikuti tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Unauliza kama sauti hukimbia zaidi kwenye chuma kuliko hewani. Ni kweli, na mbio hizo ndizo zilizonipa kazi.

Enzi za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, kijiji kilijinunulia mabomba ya chuma ya kuvuta maji. Fundi alitafuta msaidizi wa kumfundisha. Tulijitokeza vijana watano, msichana nikiwa peke yangu, wenzangu wakanicheka. Fundi akatuambia tutege sikio kwenye safu ya mabomba yaliyokwisha kuungwa, akaenda kugonga mwisho wake, mbali nyuma ya migomba. Aliporudi akauliza, "Nimegonga mara ngapi?"

"Mbili!" wakasema wenzangu.

"Moja," nikasema. "Mlio wa kwanza umepita kwenye chuma. Wa pili ni uleule, umechelewa hewani."

"Umejuaje?"

"Baba akipasua kuni ng'ambo ya bonde, naona shoka linatua, ndipo baadaye nasikia."

Fundi akanikabidhi spana mbele yao wote! Lusajo, mimi pia nilisikia milio miwili, ila nilijiuliza kwa nini. Siku maji yalipotoka, bomba la mwisho nilikuwa nimelikaza mimi, na mama yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Bibi yako,
fundi bomba wa Ikuti