Keki ya Mdoli ya Susana

Nyasura, Bunda
Jumatano mchana

Dada yangu mpenzi Mwanahalima,

Assalaam aleikum. Natumai hamjambo wewe, shemeji na watoto hapo Iringo, na kifua cha Twalha kimeshatulia. Sisi hapa wazima. Najat anaongea mpaka majirani wanamkimbia kwa kucheka, na Luqmani, baba yake, bado yuko na mageti yake ya kuchomelea. Kesho anakuja Musoma kununua vyuma, nimemwambia barua hii akupe mkononi. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu ningekata. Tafadhali isome kabla ya Jumamosi.

Dada, nimefanya keki ya mdoli. Ndiyo, mimi.

Mwenye keki ni Mama Susana, yule mwalimu wa Nyamuswa uliyemfanyia keki ya ubatizo. Simu yake ilipotea na namba yako ikaenda nayo, ndiyo akaja kwangu. Mtoto alikuwa anatimiza miaka mitano. Alinikuta nakaanga visheti, akasema, mdogo wangu, nipe namba ya dada yako, mimi namtaka fundi mwenyewe. Fundi mwenyewe! Na mimi nimesimama pale, unga mpaka kwenye nyusi.

Nisikufiche, neno lile lilinichoma. Nikienda Butiama kwa mama, wageni hawajakaa vizuri simu imeshatolewa, tazameni keki za Mwanahalima. Visheti vyangu wanavitafuna huku macho yao yameganda kwenye keki zako. Wewe una oveni, una duka la kioo. Mimi hapa mjini jina langu ni mdogo wake Mwanahalima. Nilikuwaga nakuza picha zako kwa vidole nitafute kasoro, nikiikosa nakasirika zaidi.

Basi nikamjibu Mama Susana maneno ambayo nitayaandika huko chini, niache kwanza nikusanye nguvu. Mwisho wake akakubali nimfanyie mimi.

Akauliza bei. Nilijua wewe ya mdoli unafanyaga elfu themanini. Nikasema hamsini, haraka haraka asije akaondoka. Akacheka, eti hamsini na hata oveni sina? Tukaishia arobaini na tano.

Niliioka kwa mkaa, sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini na moto juu ya mfuniko. Keki ya kuwa sketi niliioka kwenye bakuli la bati. Nikamfunga mdoli nailoni miguuni, nikamchomeka katikati. Keki ikamfika mapajani, kasimama kama mtu anayevuka mto! Ikabidi nioke nyingine ya duara niiweke chini yake, mayai mengine, siagi nyingine, ambavyo kwenye bei havikuwemo. Maua ya krimu niliyaminya kwa nailoni niliyoikata pembe, Najat ananipepea kwa sinia yasiyeyuke. Dada, ilipendeza. Wallahi ilipendeza.

Mdoli sikumnunua. Dukani ni elfu kumi na mbili, na mimi nilishajipunja. Nilimchukua yule uliyempa Najat sikukuu ya Idi. Nikamdanganya mtoto kuwa mdoli anakwenda kwenye sherehe, atarudi. Keki ilipopandishwa kwenye bajaji Jumamosi aliikimbilia mpaka barabarani. Mpaka leo ananiuliza sherehe inaisha lini.

Mama Susana alipoiona alipiga vigelegele. Kisha akasema, kweli dada yako kakufundisha. Hata hapo ulikuwepo wewe.

Sasa niandike nilichokiruka. Siku ile alipoomba namba yako nilimwambia umeungua. Nilisema oveni imekuunguza mkono wa kulia, umefungwa bandeji, keki hutagusa tena mwaka huu. Uongo mtupu, na nilikuwa nageuza visheti huku nausema. Mwalimu wa watu akashika kichwa. Alipokuja kuchukua keki alikuwa na jogoo, akasema huyu ni wa supu ya mgonjwa, mpelekee. Dada, tulimla Jumapili. Na Jumamosi hii anakuja Musoma. Atapita hapo Iringo akupe pole mwenyewe, kashaelekezwa duka lako.

Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliandika nikikuomba ujifunge bandeji siku moja tu, unisitiri. Nilipoisoma nikaona namwomba dada yangu augue ili mimi niitwe fundi. Nikaichana, nikaitia jikoni.

Kazi hii naipenda, naomba unifundishe kwa kweli, hata kama nitaanza na kuosha masufuria yako. Ila akifika Mama Susana usinifiche. Mpokee kwa mkono huo huo wa kulia, umshike vizuri, aone. Akiuliza, mwambie ni wivu wa Ikhlas. Mimi Jumatatu nitapanda gari kwenda Nyamuswa kumrudishia jogoo mwingine, anifukuze au anikaribishe.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikienda. Msalimie sana shemeji, umbusu Twalha, na Najat anakusalimia, ameng'ang'ania nichore hapa pembeni duara, anasema ni keki yako.

Nisamehe, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Ikhlas