Nani Alimtaja Mama Gladys?

Ijumaa, 19 Septemba 2025
Habari za wiki za chuo chetu zimetoka saa saba mchana. Dakika tatu za sauti, WhatsApp. Ubaoni siku hizi hakuna anayesoma. Mpishi wetu, Mama Gladys, amesema tangi la maji la jikoni halijaoshwa tangu Januari. Hatukumtaja. Osewe, fundi wetu wa sauti, aliigeuza sauti yake ikawa kama ya mzee mwenye mafua. Wanaojua ni wanne: Mama mwenyewe, Osewe, Kemuma mtangazaji, na mimi mhariri.

Jumatatu, 22 Septemba
Mama Gladys ameitwa kwa mkuu wa wanafunzi. Kaulizwa wazi: ni wewe uliyewaambia watoto habari za tangi? Nani kasema! Mimi hapana. Kemuma ameapa. Osewe alionekana Ijumaa akitoka ofisi hiyo hiyo, saa kumi na moja. Eti alipeleka fomu ya attachment, ya mafunzo kazini. Fomu!

Jumanne, 23 Septemba
Nimemuuliza Osewe mbele ya Kemuma. Akacheka. "Mhariri, sema tu ni kwa sababu natoka Homa Bay, si kwenu."
Sikusema hivyo. (Nilifikiria? Kidogo.)
Kemuma akaniambia sina ushahidi. Lakini nimeandika saa zote kwenye karatasi, zinalingana. Nimemtoa Osewe kwenye group. Na sababu nikaiweka pale pale — wanafunzi mia sita wameisoma.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimemkuta Mama Gladys nyuma ya jikoni, hana aproni. Kesho saa tatu atasimama mbele ya kamati. Nikamwambia pole, Osewe ametuuza.
"Osewe gani tena, baba?"
Kumbe siku ya Sabato Mama mwenyewe alisimama kanisani wakati wa maombi. Akaomba waumini wamkumbuke, kwamba amesema ukweli kuhusu maji ya kazini na anaogopa. Mke wa mkuu wa wanafunzi alikuwa kiti cha mbele. Ndiye aliyeitikia Amina kwa nguvu kuliko wote!
"Kwani maombi nayo hufichwa?" ananiuliza.


Kamati inataka ushahidi, la sivyo Mama ni mwongo na anafutwa kazi. Picha zote tulizopiga za tangi ziko kwenye simu ya Osewe. Mimi ndiye niliyeagiza zikae mahali pamoja, kwa usalama. Nimempigia mara nne — ameniblock. Kemuma akampigia. Alipokea. Hakukasirika hata. Alisema atatuma picha dakika ile ile nitakapoomba msamaha kwenye group, kwa sauti yangu, bila kuigeuza.

Nimerekodi mara sita. Ya sita ilianza vizuri: "Wenzangu, kuhusu Osewe, huenda nilikosea..."
Huenda!
Nimeifuta. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Kemuma yuko mlangoni, ananiuliza kama imeenda.