Sahani ya Mama chini ya chupa ya bia

Kaka Bauma,

Sitakuita mpendwa. Nimeliandika neno hilo mara tatu na mara tatu nimelifuta. Nimekupigia simu tangu wiki iliyopita na wewe unakata, kwa hiyo nakuandikia waziwazi, wasome wote, hata hao wa Kisangani wanaokuita bosi. Wajue kwamba una mdogo wako hapa Mubi, fundi wa redio na simu, mtoto wa mama mmoja na wewe, na kwamba huyo mdogo wako anakuonea kinyaa. Nilitafuta neno lenye adabu zaidi, sikulipata.

Unaikumbuka sahani ya Mama. Usiniambie umesahau. Ile santuri ndogo nyeusi ya kwaya ya parokia yetu kule Masisi, ambayo padri mzungu aliirekodi kanisani kabla mimi sijazaliwa, ikaenda kutengenezwa Ulaya, zikarudi nakala chache wakagawiwa waimbaji. Upande wa kwanza kwaya nzima. Upande wa pili Mama peke yake, wenzake wanamwitikia kwa mbali. Papa, baba yetu, katekista na kiongozi wa kwaya, aliandika jina la Mama kwa kalamu ya bic kwenye ile karatasi nyekundu ya katikati, kwa herufi zake zile za kulala upande.

Wewe Mama ulimjua. Ulikula mkononi mwake, ulichapwa naye, alikuvalisha shati la Noeli. Mimi alikufa siku aliyonizaa. Sauti yake niliijua Jumapili tu, baada ya misa. Papa anaweka gramafoni mezani, mimi nimeshikilia nyaya mbili kwenye betri ya gari zisiachie, na wewe kazi yako ni sindano. Mkono wa gramafoni ile ulikuwa mwepesi, unarukaruka, hadi Papa akaubandikia sarafu ya zamani kichwani kwa utepe. Hata hivyo ukikaribia katikati uliteleza na kukwaruza. Ndiyo maana Papa aliinua kidole, na wewe ukainua sindano upesi kabla wimbo haujaisha vizuri. Mwisho wake hatukuwahi kuusikia. Ulikuwa na mkono mtulivu, kaka, na mimi nilikuonea wivu kwa kazi hiyo.

Halafu tukakimbia. Papa alibeba maharage na sufuria. Wewe, na umri wako wa miaka kumi, ulinibeba mimi mgongoni, na sahani ukaifunga ndani ya kitenge cha Mama ukaiweka kichwani. Gramafoni ilibaki. Tulishuka milima yetu, tukaingia msitu wa Walikale, matope hadi magotini, na hukuishusha hata pale ulipoteleza ukaumia goti. Nilikuwa nalia kwa njaa. Ulisema: “Usilie. Mama iko hapa juu ya kichwa yangu, anakuangalia.” Nikanyamaza. Siku ile nilikuamini kuliko nilivyomwamini Papa na Mungu wake. Naandika hilo pia kwa sababu ni kweli, na ndilo linalonikosesha usingizi.

Miaka yote hapa Mubi sahani ilikaa ndani ya sanduku la Papa bila mashine ya kuipigia. Mara moja moja alikuwa anaitoa, anaifuta, anairudisha. “Siku moja tutapata mashini,” alikuwa anasema. Hakuipata. Tulipomzika, wewe mkubwa ukabaki na sanduku, ukaliweka kibandani kwako sokoni. Miezi michache baadaye vibanda vya sokoni vikaungua, na chako kilikuwa kimojawapo. Ukaja kwangu na uso wa msiba. “Ile disiki imeungua, mudogo yangu. Imebaki majivu tu.” Nililia, na wewe ukanifuta machozi kwa shati lako. Nikikumbuka shati hilo usoni pangu nataka kwenda kunawa.

Sasa sikiliza. Patron wako, huyo mnunuzi wa madini aliyekuweka Kisangani kusimamia depo yake, aliniita nyumbani kwake. Ameleta vyombo vya muziki kutoka nje, vya wale watu wanaojenga chumba kizima kwa ajili ya kusikiliza tu. Spika mbili zinanizidi kimo. Amplifaya ya taa za kioo zinazowaka polepole. Kisanduku chembamba cha kuvuta muziki mtandaoni kupitia antena ya setelaiti iliyoko juu ya paa. Na gramafoni, kaka, gramafoni ambayo sahani yake ya chuma, ile inayozungusha santuri, niliinua kwa mikono miwili na pumzi ikanikata. Mimi vyombo kama hivyo nilikuwa naviona kwenye simu tu. Niliponawa mikono kabla ya kuvigusa, Patron alicheka sana.

Nilifanya kazi siku tatu, mchana. Siku ya kwanza nilipigana na sakafu. Kila lori likipita barabarani nyumba inatikisika, na sindano haitaki mtikisiko, kwa hiyo nikamwaga kijukwaa cha zege pembeni, kesho yake kilipokauka, juu yake ubao mzito, juu yake gramafoni, nikasawazisha kwa nivo ya mwashi hadi kile kiputo kikasimama katikati. Siku ya pili ikawa ya betri na paneli za jua, kwa sababu jenereta yake inavuruga sauti. Siku ya tatu ikawa ya sindano. Ile inataka kulala juu ya santuri kwa uzito usiofika gramu mbili, na mimi sina kipimo kidogo cha namna hiyo. Patron akaingia chumbani akarudi na mizani yake ya dhahabu. “Shika, fundi. Hii haidanganyaka.” Basi nikapima sindano ya muziki kwenye mizani iliyopima dhahabu ya wachimbaji, na bado ilikuwa na vumbi la njano kwenye kona. Nikaipangusa kwanza.

Kazi ilikuwa safi. Nyumba ndiyo ilinichefua. Viti bado viko ndani ya plastiki yake. Kuta zimepakwa rangi ya dhahabu, na harufu ya vanishi inakaa kooni. Yale maganda ya santuri yenye picha, Patron ameyabandika ukutani kwa gundi, mstari juu ya mstari, mpaka darini. Santuri zenyewe hazina maganda tena. Ziko mezani. Anawekea chupa za bia na mishikaki ya mbuzi, meza isichafuke.

Nilimuuliza sasa gramafoni hii itapiga nini. “Eh fundi, disiki njo ya kupendeza macho,” akasema. “Muntu akiingia hapa, ajue ameingia kwa muntu. Muziki iko mu telefone.” Akabonyeza simu, spika zikapiga ngoma hadi mbuzi wake wakakimbia uani. Akauliza kama haiwezi kuongezeka.

Ili nijaribu sindano nilihitaji santuri moja isiyo na mikwaruzo mingi. Nikaanza kuzigeuza pale mezani. Ya nne ilikuwa ndogo kuliko nyingine. Juu yake kulikuwa na chupa iliyobaki nusu, na kando ya chupa kipande cha mafuta ya mbuzi kilichoganda, na majivu ya sigara. Nikaiinua chupa. Karatasi nyekundu. Bic. Herufi za kulala upande.

Nilikaa chini sakafuni nayo mapajani. Patron akauliza kama ni umeme umenishika. Nikamwonyesha jina. “Huyu ni mama yangu,” nikasema. Akaangalia, akaangalia tena. “Ah! Ile njo kaka yako aliniletea, siku aliomba kazi ya Kisangani. Alipiga magoti na kunipatia na mikono mbili. Alisema iko suvenir ya familia.” Alisema bila aibu, maana aibu haikuwa yake.

Na mikono miwili, kaka. Na magoti.

Niliomba maji ya uvuguvugu na sabuni ya watoto. Niliiosha kwenye beseni, nikifuata mifereji yake kwa kitambaa laini, nikilinda ile karatasi isilowe. Mafuta yalitoka polepole, yakaelea juu ya maji. Nilimwaga beseni la kwanza, nikamwaga la pili, na bado nilisikia harufu ya mbuzi kwenye vidole vyangu. Nilikuwa namwosha Mama. Kazi hiyo wanawake walimfanyia siku ile nilipozaliwa, na sikutegemea kwamba itarudi kwangu, nyumbani kwa mtu, kwa sababu yako.

Patron alipoona jinsi ninavyoishika akalainika kidogo. “Kwa nini uhangaike? Tafuta mu telefone, kila kitu iko mule.” Nikatafuta, ili asiseme sikutafuta. Jina la parokia, la kwaya, la Mama. Kisanduku kile kinachojua nyimbo za dunia nzima kilinionyesha watu wengine wenye majina yanayofanana. Mama hayumo. Yumo kwenye sahani ile tu, na pengine hakuna nakala nyingine iliyopona katika milima yetu.

Nikaiweka. Nikashusha sindano.

Kwanza mikwaruzo, kama mvua nyembamba kwenye mabati. Halafu akaimba. Kaka, hatukuwahi kumsikia. Ile tuliyosikia utotoni ilikuwa sauti yake imefungwa ndani ya debe. Hapa nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kila mstari. Nilisikia mate mdomoni mwake. Alikuwa msichana tu, mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Hata Patron aliweka simu mfukoni, na mtumishi wake wa jikoni akaja mlangoni na mwiko mkononi.

Wimbo ukafika pale ambapo Papa alikuwa anainua kidole. Nilijikuta nakutafuta pembeni yangu, mkono wako uko wapi. Hakuna aliyeinua. Sindano ikaendelea bila kuruka. Kwaya ikanyamaza. Mabenchi yakakwaruza sakafu, mtu mmoja akakohoa. Hao wa Ulaya hawakujua lugha yetu, hawakujua pa kukata, wakaacha yote. Na hapo, mbali, labda mlangoni mwa kanisa, mtoto akaita: “Mama! Mama!” Na yeye, karibu kabisa na mashine ya padri, akacheka kidogo akasema:

“Ninakuya, Bauma. Mama yako amemaliza.”

Hapo ndipo santuri inaishia.

Kila Jumapili, kwa mkono wako ule mtulivu, uliinua sindano kabla hajakujibu. Hukujua, nami sikujua, wala Papa. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa lile ulilolijua. Mimi simo kwenye sahani ile. Sikuwa nimezaliwa, na Mama hakuwahi kujua nitaitwa nani. Katika dunia yote aliacha jina moja tu la mtoto mdomoni mwake, na ni lako, na wewe ukalipeleka kwa magoti kwa mtu akaliwekea bia. Ningekuwa na kitu kama hicho, kaka, ningekula udongo kabla ya kukitoa.

Nilimwomba Patron anirudishie. Akakataa, na kinachoniudhi ni kwamba amekataa kwa desturi yetu wenyewe ya zawadi. “Kado ya muntu siwezi kuipana kwa mwingine. Akitaka irudi, mwenyewe akuye aniombe.” Unajua ni hivyo kwetu. Kuku au mbuzi, jembe au sahani, aliyetoa ndiye anayeweza kuomba irudi, mbele ya watu, kwa mdomo wake. Ningeweza kuitia ndani ya shati na kuondoka. Shati lilikuwa kubwa la kutosha, nililipima kwa macho. Sikufanya, maana tayari familia hii ina mmoja wa namna hiyo.

Najua utakalosema: irekodi kwa simu unitumie. Patron naye alinishauri hivyo, na chombo chake kinaweza. Sikurekodi. Sitaki umsikie Mama ukiwa kwenye depo yako, katikati ya magunia, kisha mtu akupigie simu umkate Mama katikati.

Njoo. Malori ya Patron yanatoka Kisangani kuja huku, na wewe ndiye unayeyapanga. Panda moja. Simama mbele yake, mimi nikiwepo na yule mtumishi wa jikoni akiwepo, useme kwamba ulitoa kisichokuwa chako peke yako. Sema na lile la moto wa sokoni. Sitakupiga, na sijui kama nitakusamehe. Patron ameiweka sahani juu ya kabati, ameahidi haitawekewa chupa, lakini wageni wake ni wengi na ahadi yake ni ya mtu mwenye wageni wengi.

Gramafoni nimeiacha imepimwa na kusawazishwa. Ukifika, nitashusha sindano mimi, na wewe utakaa mikono magotini. Usiiguse. Utanyamaza hadi pale mtoto anapoita, na hadi yeye anapomjibu.

Halafu umwitikie, kama bado una sauti ya kumwitikia.

Mdogo wako,
uliyembeba mgongoni hadi Walikale.