Neno Lililobaki Kinywani mwa Mzee Kanji

Nachingwea

Dada yangu Konsolata,

Shikamoo. Habari za Muleba, migomba, watoto, na huo mgongo wako? Mimi mzima, ila joto la huku linanikaanga na wanafunzi wanakicheka Kiswahili changu cha Kihaya. Mama vipi na kiharusi chake? Kwenye simu ulisema, "Deo, mama hayupo tena, tumebaki na mwili tu." Dada, maneno hayo sijayasahau. Ndiyo maana naandika, kwa sababu tukipigiana simu tunaishia kulia wote wawili.

Nilikuambia nimepanga chumba cha uani, nyuma ya duka la Mzee Kanji, yule Mhindu anayeuza vitambaa na majembe. Kila asubuhi yeye na mkewe, Bibi Savita, huketi mbele ya picha ndogo ya mungu wao, udi unafuka, wanavuta shanga za mbegu kama sisi na rozari, na kurudia maneno yale yale: Om Namah Shivaya. Mwanzoni nilikereka kweli. Mtu anataka kulala! Siku moja nikamuuliza bibi maana yake.

"Nakuinamia, Shiva. Basi."

"Halafu mnaomba nini?"

"Hapo huombi kitu, mwalimu. Unainama tu. Kesho unainama tena, mpaka neno linajisema lenyewe."

Nilicheka moyoni. Sala gani isiyo na ombi? Mimi nikipiga magoti tu, naanza kuomba uhamisho wa kazi nirudi huko.

Basi mwezi uliopita mzee akaanguka dukani. Kiharusi, kama cha mama. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakaisha. Na alivyokuwa msemaji! Ujanani alinunua korosho katika vijiji vya Nkowe na Narung'ombe, akiwatania akina bibi kwa Kimwera mpaka wanashika mbavu. Kigujarati, Kiswahili, Kimwera, vyote vikaondoka. Akitaka maji anasema "ba, ba", kisha machozi yanamtoka. Ndugu zake wa Dar walikuja wakamjadili mbele yake kana kwamba ni kabati.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimemwegemeza kifuani kwangu ili bibi amfute mwili. Bibi anakamua kitambaa huku anaimba taratibu, "Om Namah...", kikohozi kikamkatiza. Na hapo hapo, Dada, kifuani kwangu sauti ikatoka: "Shivaya."

Safi kabisa, kama mwanafunzi anayeitikia jina lake! Bibi hakupiga kelele. Aliweka kitambaa chini, akaanza upya, akanyamaza pale pale. Mzee akamalizia. Kisha wakaenda pamoja, mwanzo hadi mwisho, nami nimemshika, nasikia mbavu zake zinavyotetemeka kwa sauti. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja Mkatoliki wa Nkowe, mteja wake wa siku nyingi, amekuja na mihogo kumjulia hali. Akafanya ishara ya msalaba. Ee Mungu wangu! Sijawahi kuogopa kitu kizuri namna ile.

Nisikudanganye, maji bado hawezi kuyaomba. Muuguzi alituambia hutokea hivyo, kwamba yale mtu aliyoyarudia maisha yake yote yanaweza kubaki hata mengine yakiondoka. Lakini siku hizi hakuna anayemjadili mbele yake. Na mimi niliyekuwa nakereka, sasa naamka mapema nisiikose sala yao.

Sasa mama yetu. Nani alitusalisha rozari kila jioni, tukisinzia anatufinya? Ulisema mmeacha kumleta sebuleni wakati wa sala kwa kuwa haelewi. Mrudisheni, nakuomba. Sikulaumu, wewe ndiye unayemgeuza kitandani, mimi niko huku natafuna korosho. Ila keti naye, mshike mkono, anza Salamu Maria polepole, kisha nyamaza katikati. Usimsaidie. Mngoje.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu wote, na jirani yetu anayekusaidia kufua. Baba mdogo, katekista wetu, mwambie sijageuka Mhindu, asianze novena kwa ajili yangu.

Na mama asipojibu siku ya kwanza, usikate tamaa. Jumapili jioni nipigie, uiweke simu karibu na mdomo wake. Nitaanza mimi, kisha nitanyamaza. Hata salio likiisha, bado nitakuwa nimeishikilia simu sikioni.

Mdogo wako akupendaye,
Deo