Fundi wa Nyumba Yangu Mwenyewe

Cheka kabisa umalize, maana leo mjinga nilikuwa mimi.

Si unamkumbuka yule mpangaji wangu, Mheshimiwa? Niliyempa nyumba nzima, akaniapia ataishi na mkewe tu? Asubuhi kapiga simu, eti kitasa cha mlango wa mbele kimekufa. Nikabeba vifaa vyangu. Unanijua, simlipi fundi wakati mikono ninayo.

Mlango kafungua mama mmoja mshonaji, simjui. "Karibu fundi. Mwenye nyumba alisema utakuja."

Fundi! Nikadhani ananitania. Nikacheka naye.

Nikafunga kitasa kipya. Nikamkabidhi funguo zote tatu, na ushauri juu: "Usizungushe kwa nguvu, mama."

Kuinua kichwa, sebule yangu imekatwa vyumba viwili kwa mbao, kila kimoja na familia yake. Nikauliza mwenye nyumba ni nani.

"Si Mheshimiwa! Kodi tunampa yeye."

Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akanitazama kama mlevi wa saa nne asubuhi.

Nikatoka nje kumpigia Mheshimiwa. Kazima simu. Nyuma yangu nikasikia kitasa kinafungwa kwa ndani. Kinafanya kazi vizuri sana, sijisifu.

Nikagonga. "Mama, fungua! Nyumba hii nimeijenga mimi, tofali kwa tofali!"

Akachungulia dirishani, futi ya kupimia shingoni, hana hata haraka.

"Fundi, mwenye nyumba gani anampa mtu asiyemjua funguo zote tatu?"