Muswada wa Umeme Umeninyang'anya Mchumba

Shangazi Priscah, nakusikiliza kila Ijumaa kwa simu hapa Jeddah nikipiga pasi, na leo ni zamu yangu kulia, naomba unishike mkono. Mimi ni Mourine, nafanya kazi za nyumbani, na mchumba wangu Hezekiah ni dereva wa lori kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, tunapendana kwa simu tu kwa sababu kafili wangu, yaani mwajiri aliyenileta huku, na bosi wake hawajui kama mapenzi nayo yanahitaji likizo, na Desemba wazee wake walikuwa waende kwetu Vihiga kujitambulisha. Sasa Shangazi, si umesikia vile Bunge kule nyumbani limekwama, serikali imechukua muswada wa kuharakisha vibali vya miradi ya umeme ikauchomeka ndani ya ule wa bajeti, upinzani nao wakasema hiyo bajeti haipiti ng'o, basi Hezekiah ni serikali damu, anasema kijijini kwao nguzo zimengoja vibali mpaka zimeota majani, na mimi ni upinzani, kwa sababu huo waya utapita juu ya shamba la mama yangu na vibali vikiharakishwa hakuna atakayemuuliza. Tulianza kwa utani, nikimwita Mheshimiwa, tukafika mahali ananitumia sauti ndefu akinifokea kana kwamba nimeitwa mbele ya kamati, nami namjibu nikiosha vyombo, mpaka madam akapiga kelele, "Mourine, mafi siasa! Yalla, gahwa!" yaani hakuna siasa hapa, haraka, kahawa. Jumapili akasema mama yangu anazuia maendeleo. Mama yangu! Niliumia, lakini nikaona huyu mwanamume nampenda, yaishe, nikamwandikia, "Haya Heze, halas." Akajibu, "Sawa." Tangu hapo kimya, picha yetu ameitoa, na binamu yake Truphena aliye hapa Jeddah, mtaa wa Kandara, ananiambia Heze amewapigia wazee wasisafiri, tena sauti yake ni ya mtu aliyefutwa kazi. Je, nimwambie nimehamia serikali ili arudi? Nampenda, Shangazi, lakini kile chama chake siwezi.

Mourine, Jeddah

Mourine mwanangu, pole, halafu ngoja nikugombeze. Hujaachwa. Wewe ndiye uliyemwacha, na huna habari!

Hebu fikiria. Hapo kwa madam, "halas" ni neno tamu: vyombo vimeisha, kaa chini upumzike. Lakini mimi zamani niliishi Manfuha, hukohuko Riyadh, jirani zangu walikuwa madereva wa Al-Sulay, na huko msimamizi akikutazama akasema "halas", unarudisha funguo za lori na kukusanya nguo zako. Hakuna swali, hakuna rufaa. Sasa mwanamume mzima amesomewa neno hilo na mchumba wake, ulitaka ajibu nini? Akasema sawa, maskini, akarudisha funguo.

Na wewe, mtetezi wa wananchi! Unataka kila mwenye shamba aulizwe kabla nguzo haijasimama, lakini mtu wako amenyamaza na hujamuuliza hata, "Heze, umenielewaje?" Badala yake unaniuliza mimi, niliye Mombasa, nisiyemjua hata sura. Aka! Hapo umeniudhi.

Kuhama chama, usithubutu. Atajua unadanganya, na ukishaanza kumdanganya kwa umeme utamdanganya na kwa mengine. Shamba ni la mama yako, mtetee bila haya. Ila Hezekiah naye ampigie mama aombe msamaha, kwa mdomo wake mwenyewe, kabla wazee hawajakanyaga Vihiga. Mtu haingii kwa mkwe akiwa amemtukana, awe wa serikali awe wa upinzani.

Leo ukimaliza kazi, piga simu. Usiandike, usitume sauti. Akishika, usianze na Bunge, usianze na mama, na Kiarabu kiweke kando kabisa. Sema kwa Kiswahili, polepole: "Hezekiah, sijakuacha." Kisha nyamaza, hata akilia.